Kasri la Vincennes Bila Mimi

Takoma Park, Maryland
Jumapili mchana

Mpendwa Baba Mwende,

Nakusalimu kutoka kwenye meza ya mwanao, dirisha likiwa wazi na nyumba ikiwa kimya kwa mara ya kwanza wiki hii. Goti lako likoje? Bado unapanda kile kilima cha kanisani kwa miguu, au umekubali kupakiwa? Dada yako Kalondu bado anakupikia bila chumvi kama daktari alivyoagiza, au mmeungana kunidanganya? Niambie pia kama mvua ilitosha kujaza tangi, na kama yule ng'ombe mwekundu ameshazaa. Kwenye simu ulisema "karibu", na wewe ukisema karibu huwa sijui kama ni kesho au ni Krismasi.

Mimi ni mzima wa mwili. Hata ule mkono uliokuwa ukifa ganzi wakati wa baridi umetulia. Kinachoniuma ni kitu kingine, wala si upweke kama ulivyozoea kunisikia. Nimekasirika. Naliandika neno hilo wazi kwa sababu wewe ni mmoja wa walionikasirisha, na nataka ulisome ukiwa umekaa, na miwani yako umeivaa.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu ya nyumba hii haina faragha. Mwende huiweka katikati ya meza, sauti wazi, kila mtu anachomeka lake, na nikianza kueleza jambo unaniambia "pole" kabla sijafika kwenye kisa chenyewe. Barua haitaniambia pole. Dada Esther, yule mama wa Kisii anayetunza wazee kule Oxon Hill na ambaye tunasali naye, anasafiri Alhamisi. Ameahidi kuibeba kwenye mkoba wa mkononi, na shemeji Musyoka ataipokea kwake Nairobi akuletee.

Nianze mwanzo, maana najua wewe ulisimuliwa mwisho tu.

Tiketi zilinunuliwa mara baada ya Krismasi. Safari ilipangwa hivi: tunaondoka hapa jioni, tunafika Paris asubuhi, na ndege ya Nairobi inaondoka usiku. Katikati kuna siku nzima. Mkwe wetu Bahati alipotusomea hayo mezani, alitania kwamba tutajipanga kwenye viti vya uwanja wa ndege kama kuku kwenye fito. Ni mimi niliyesema hapana. Likumbuke hilo, kwa sababu ndilo linaloniwasha kuliko yote. Ni mimi niliyesema kwamba watu wenye akili hawawezi kukalia viti siku nzima wakati mji uko hapo nje na treni inafika mlangoni. Nilisema twende tukaone kitu. Furaha, mjukuu wako mkubwa, akauliza kitu gani. Nikamwambia, kasri la wafalme.

Watu wengi wakisikia kasri la wafalme wa Ufaransa hufikiria lile la bustani na vioo, ambalo wageni hulipangia foleni tangu asubuhi. Mimi nilichagua Vincennes. Liko mwisho kabisa wa njia ya treni ya chini ya ardhi, kwa hiyo hata mgeni hawezi kulipita. Na ni la kale kweli. Kwanza ilikuwa nyumba tu ya wafalme ya kupumzikia wakienda kuwinda msituni. Baadaye vita na Waingereza viliwatia hofu, wakajenga mnara mrefu wa mawe wenye ukuta wake na handaki lake, ndani ya ukuta mwingine mkubwa wenye handaki lingine. Mfalme alilala humo, na hazina yake na vitabu vyake viliwekwa humo. Wafalme wa baadaye walipohamia kwenye majumba ya starehe, mnara uleule ukafanywa jela. Wafungwa walichora na kuandika ukutani, na michoro yao inaonekana mpaka leo. Mwanafunzi akielewa hilo tu, kwamba ukuta uliojengwa kumzuia adui asiingie unafaa vilevile kumzuia mtu asitoke, amepata somo la muhula mzima.

Basi nikawa mwalimu tena. Niliweka sharti moja: mambo ya kasri yataelezwa kwa Kiswahili, na maswali yake yataulizwa kwa Kiswahili. Unawajua wajukuu zako. Wanaelewa kila neno, hata yale ambayo tungependa wasiyaelewe, lakini ukiwasemesha wanakujibu kwa Kiingereza. Mwende ameshawakemea, ameshawabembeleza, ameshachoka. Mimi sikukemea. Wakati ule wa theluji, shule zilipofungwa na hatukuweza kutoka nje, nilichukua utepe wa gundi nikachora kasri lote juu ya zulia la sebuleni. Kochi likawa kanisa la mfalme, meza ya chakula ikawa mnara, na kipande cha boksi kikawa daraja la handaki. Mtu akiuliza kwa Kiingereza, daraja linainuliwa. Huingii.

Mutua, huyu mdogo mwenye jina lako, alijifanya bawabu. Baba yake akirudi kutoka kazini Greenbelt, amechoka, begi begani, alisimamishwa mlangoni aseme yeye ni nani na anataka nini. Siku moja Bahati akajibu kwa Kiswahili chao cha Bukavu, "Miye njo baba yako." Mutua akamtazama juu mpaka chini. "Jina nimelisikia," akasema, "sasa lala hapo nje mpaka nimwulize mfalme." Tulicheka mpaka nikakaa chini.

Na Furaha, ambaye tangu nifike hapa alikuwa hajanipa zaidi ya "ndiyo" na "asante", siku moja niliwaeleza habari ya mfalme mmoja wa Uingereza aliyewashinda Wafaransa vitani, kisha akafia humo Vincennes, kijana bado, kwa kuhara. Furaha akafikiri, akaniuliza, "Nyanya, kwani mfalme mzima hakuwa na mtu wa kumchemshia maji?" Sentensi nzima, Baba Mwende. Mwende alikuwa anavaa viatu vya kwenda kazini hospitali, akabaki amesimama na kiatu kimoja mkononi.

Tangu siku hiyo tulipanga safari kila jioni. Tutanawa nyuso uwanjani, tutapanda treni, tutabadilisha katikati ya mji. Chapati nitazipika mimi na kuzifunga vizuri, tule kwenye nyasi za kasri, maana msitu wa wafalme sasa ni bustani ya watu wote. Furaha atatangulia na ramani. Mutua atanishika mkono, kwa sababu ana tabia ya kuchungulia mahandaki. Kwenye mnara tutapanda polepole, na mimi nitaeleza. Ndivyo tulivyopanga, na wazazi wao walikuwa wanapita huku na huko wakisikia, wakitabasamu, wakisema, "Mama, hiyo ni nzuri sana."

Sasa nije Jumamosi ile iliyoitangulia hii ya jana.

Nilikuwa jikoni nakatakata sukuma wiki. Bahati alikuwa sebuleni anakunja nguo, na kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi, simu alikuwa ameifungua sauti, anaongea na mtu wa shirika la ndege kuhusu kiti changu cha magurudumu. Usishtuke, sijaumwa. Hiyo ni desturi ya watu wetu huku. Mama akisafiri, watoto wanamwombea kiti hata kama anaweza kutembea kutoka hapo kwetu mpaka Tala na kurudi. Si kwa ugonjwa. Ni ili asukumwe na mtu anayeijua njia, asipotee, asichelewe kwenye foleni. Mama zetu wanafika Nairobi wamekalishwa kama maaskofu, kisha mlango wa mwisho ukifunguka wanasimama na kujitwisha sanduku. Mimi kiti hicho sikukiomba na sikuulizwa, lakini nilikuwa nimeamua kunyamaza.

Ndipo nikamsikia Bahati akimwambia yule mtu, kwa Kiingereza kilichonyooka, kwamba mama mkwe wake atabaki ndani ya uwanja wa Paris siku nzima, wengine watatoka kwenda mjini, na je, msukuma kiti atakuwa anapita mara ngapi kumpeleka choo?

Rudia kuisoma sentensi hiyo, mimi nikungoje.

Wewe ni Mkamba na umeishi nami miaka mingi, lakini bado nitakueleza, maana inaonekana mambo yanasahaulika. Kwetu Bungoma, mkwe wa kiume hapiti hata karibu na kamba ninayoanikia nguo zangu. Mama yangu aliwahi kungoja kichakani mpaka mvua ikamlowesha ili tu asikutane njiani na mume wa dada yangu. Hapa nimelegeza mengi. Ninakula meza moja na Bahati, ninacheka naye, na ninampenda, kwa sababu ni mtu mwema na mwanetu amepata mume. Lakini choo changu kutajwa na mkwe wangu, kwa mtu asiyenijua, sauti ikijaa nyumba, hilo sikujua kwamba nitalisikia nikiwa hai. Na hapohapo, nikiwa bado sijapumua, nikatambua la pili. Siendi kasrini.

Niliweka kisu chini. Baadaye nilikishika tena, nikamaliza mboga, nikaosha ubao, nikangoja Mwende aamke, maana alikuwa ametoka zamu ya usiku. Alipokuja kukaa na chai yake, nilimwita na mumewe pia.

"Mwende," nikamwambia, "mkienda Vincennes, mimi nitakuwa wapi?"

Akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari. "Mama, ni nani amekwambia?"

"Sijauliza hilo. Nimeuliza nitakuwa wapi."

"Eapoti. Lakini si kwenye vile viti vya chuma, Mama. Tumekulipia ile sebule ya wakubwa. Kuna sofa, kuna chai, unaweza hata kuoga."

"Nimewahi kukwambia nina hamu ya kuoga Paris?"

Bahati akajaribu kupoza. "Mama, haina mambo. Iko tu masaa kidogo. Jioni tunarudi, tunakuletea picha."

"Picha ninazo, mwanangu," nikamwambia. "Wewe umezionea kwangu."

Hapo ndipo waliponieleza, na mimi sasa nakueleza wewe, ingawa najua unalijua. Mwende ana pasipoti ya Marekani. Bahati, aliyekuja kama mkimbizi, anayo pia. Watoto walizaliwa hapa. Watu wenye pasipoti hiyo wanatoka nje ya uwanja wa Paris kama wanatoka sebuleni kwao. Mimi nina kadi ya ukaaji ya hapa, lakini pasipoti yangu ni ya Kenya, na Mkenya hawezi kutoka pale bila viza ya Ulaya. Kubadilisha ndege ndani naweza. Kuvuka mlango siwezi. Sheria hiyo siikasirikii. Kila nchi ina bawabu wake, nasi tulikuwa na wetu hapa sebuleni. Lakini viza hiyo inaombwa. Inaombwa hapahapa Washington, unafika tu kwa treni, mradi uweke miadi mapema. Mwende aligundua jambo hilo wakati wa Pasaka. Pasaka, Baba Mwende, miti ya hapa ikianza kuchanua. Muda ulikuwepo wa kutosha. Sasa Bahati ametafuta miadi na hakuna hata moja kabla ya safari.

Nikamuuliza Mwende kwa nini hakuniambia Pasaka. Akasema alikuwa na zamu nyingi, akaona mambo ya viza yatakuwa marefu na huenda wakaninyima, na hakutaka kunivunja moyo. Nikamuuliza kwa nini basi aliniacha niendelee kuwafundisha watoto, nikipanga nani atamshika nani mkono. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Watoto walikuwa wanaongea Kiswahili, Mama. Ningekwambiaje uache?"

Nimekaa na jibu hilo wiki nzima. Kumbe waliona kazi yangu ni nzuri. Waliona inafaa kuendelea. Ila mfanyakazi mwenyewe hakuhitaji kujua kwamba safari si yake.

Nilikuwa nimeanza kuinuka niende chumbani nisije nikasema neno baya, Mwende akasema lile lililonikalisha tena. "Hata Baba alikubali. Nilimpigia tukashauriana. Alisema, mama yenu ni mvumilivu, mwacheni hapo na kitabu, hata hatajua siku imeisha."

Sasa mume wangu, tuzungumze mimi na wewe.

Najua hukuwa na nia mbaya. Najua ulisema ukiwa umeshika simu kwa mkono mmoja na ndoo kwa mwingine. Lakini nataka nikueleze uvumilivu ni nini, kwa kuwa nimeufanya maisha yangu yote na wewe umekuwa ukiutazama kutoka pembeni. Nilipokuwa na darasa la watoto sitini na vitabu vya kugawana, niliamka kila asubuhi nikaamua kutokasirika. Ulipohamishiwa Mwingi na ofisi yako ya kilimo ukaniacha na watoto wachanga, niliamua. Mama yako alipolala kitandani mwetu mwaka mzima, nikamwosha na kumlisha, niliamua, na sijuti, kwa sababu mama yule alinipenda. Kila mara niliulizwa, au nilijiuliza mwenyewe, nikakubali. Uvumilivu niliouchagua ni wangu. Lakini mtu mwingine akiamua jambo mimi nisipokuwepo, kisha akasema nitavumilia, huyo hanisifu. Amegeuza moyo wangu stoo, kila mwenye mzigo asiojua pa kuuweka anaingia na kuuacha humo bila kubisha hodi.

Na hilo la kitabu. Ungejua nilikuwa nimeshachagua kitabu cha kusoma kwenye ndege, ungecheka. Ni cha makasri.

Yaliyofuata niliyaona kwa macho yangu. Furaha alikuwa kwenye ngazi akitusikia. Kesho yake, niliporudi kutoka kanisani, nilimkuta amepiga magoti sebuleni anabandua utepe kwenye zulia. Aliubandua kipande kwa kipande, akaufanya donge. Handaki la nje lilikuwa limekwisha, alikuwa amefika ukutani. Nikamuuliza anafanya nini. Akanijibu kwa Kiingereza kwamba hauhitajiki tena. Mutua alikuwa amesimama na lile boksi la daraja mkononi, hajui aliinue au aliteremshe.

Sikumkemea. Nilikaa kwenye kochi, yaani kanisani kwa mfalme, nikangoja. Alibandua kipande kingine. Halafu akasema, bila kunitazama, "Nyanya, sasa nani atatueleza?"

Kwa Kiswahili alisema.

Nikamwambia, "Wewe."

"Mimi sijui."

"Unajua. Utamweleza baba yako na mama yako, maana hao hawajui. Na mkishafika nyumbani kwa Babu, utanieleza mimi. Nataka kujua chumba cha mfalme kina nguzo kama tulivyosoma. Nataka kujua mfungwa mmoja alichora nini. Usiponiambia wewe, mimi nitakufa sijui."

Akauliza kama anaruhusiwa kunieleza mengine kwa Kiingereza, yale magumu. Nikamwambia daraja la nyumba ya Babu huinuliwa vilevile.

Mwende alisikia, akaja kuniambia kwamba basi wote watakaa nami uwanjani, kasri liachwe. Nilikataa. Watoto wameahidiwa na wataenda. Lakini kukaa kwenye ile sebule ya wakubwa na kitabu, nikisubiri mtu wa kunipeleka choo, mimi pia sikai.

Jumatano Dada Esther alinipeleka Silver Spring kwa mama mmoja Mhabeshi anayeuza tiketi. Nimebadilisha safari kwa pensheni yangu, bila kumwomba mtu. Nitapita Addis Ababa. Naondoka Jumanne itakayofuata hiyo Alhamisi ya Esther, wiki moja kabla yao, na nitafika kwako Jumatano. Yule mama aliniuliza kama niandikiwe kiti. Esther akafungua mdomo aseme ndiyo, kwa nia njema, maana huyo humwombea mama yake kila safari, akaniona uso akaufunga mdomo. Nikasema hapana. Vibao vya njia vimeandikwa, nami najua kusoma. Nimewafundisha wengine kusoma.

Mwende alilia nilipomwonyesha tiketi. Wiki hiyo ana zamu za usiku mfululizo na alikuwa amenitegemea mimi. "Mama, nani atakaa na watoto wiki nzima?" Nilimwambia kwamba wiki moja haiwezi kuwa ngumu kwa mtu mvumilivu. Halikuwa neno la mama kumwambia mwanawe, na alipoondoka mezani nilitaka kumwita. Sikumwita. Kesho yake Bahati aliomba likizo kazini. Alikuja kuniambia akiwa amesimama mlangoni mwa jikoni, hakuingia, macho chini, akaniomba radhi kwa ile simu. Hakulitaja neno lenyewe. Nikajua amekwenda kuuliza mtu, na kwamba ameelewa. Yeye nimemsamehe. Mwende nitamsamehe nikiwa njiani. Wewe bado.

Kwa hiyo sikiliza ninachotaka. Jumatano hiyo uje uwanjani mwenyewe. Usimtume Musyoka, usimtume mtoto wa jirani na kibao chenye jina langu. Usianze na pole. Na wajukuu wakifika wiki itakayofuata, Furaha akishanawa na kula, utakaa chini usikilize kasri lote kutoka handaki mpaka kileleni. Akikosea neno, usimsahihishe. Akikwama, mngoje. Na wewe, ukianza kumwonyesha Kiingereza chako cha ofisi ya kilimo kama unavyofanya kwenye simu, tutakosana mbele ya wageni.

Nisalimie Kalondu, wifi yangu mkubwa, umwambie kuku wangu nitawahesabu. Nisalimie shemeji Musyoka, na umshukuru kwa kuipokea barua hii bila kuifungua, kama kweli hakuifungua. Msalimie Mama Ndunge, jirani yetu wa kisimani, umwambie dawa yake ya macho nimeipata. Salamu kwa mchungaji, na kwa walimu wenzangu wastaafu wa Alhamisi. Waambie nitakuja kuwaeleza mambo, wajiandae.

Ni mimi mkeo, ambaye sijaacha kukupenda hata katika hasira hii,

Nekesa, Mama Mwende

Tena jambo moja. Esther ananiambia mara nyingine kiti huletwa mpaka mlango wa ndege hata kama hakikuombwa, wakimwona mama mwenye mvi. Basi ukiwa umesimama pale wanapotokea abiria, ukaona kijana anakuja anasukuma kiti kitupu, usiulize mama yuko wapi. Tazama nyuma yake. Ninatembea.